Swali la Kumi na Moja

Swali la kumi na moja lilirudi na alama ya kosa kwa mara ya tatu, na safari hii mwalimu alikuwa amekandamiza kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Mumo alilileta daftari karibu na macho, akalisogeza mbali, akalirudisha. Haikusaidia. Kiingereza ni Kiingereza tu hata ukikisogeza.

"Hebu niambie hapa wameuliza nini."

"Ni kinyume," Wendy akasema bila kuinua uso.

"Yote ni kinyume. Hili je?"

"Nimeandika vile iko."

Hapo ndipo Mumo alipotaka kupiga kelele. Mtoto wa gredi ya nne, mwepesi wa kushika mambo, swali moja tu limemshinda na haambiliki. Juma zima, baada ya shule, walikuwa wameimba vinyume hivyo wakipeleka mbuzi mtoni, Wendy akitaja, Mumo akijibu. Hot, cold. Deep, shallow. Wide, narrow. Mumo, aliyeacha shule darasa la tatu, alisema "salo" na "nalo", na Wendy akacheka mpaka akaketi chini. Lakini maneno yaliingia. Sokoni Mwala, Mumo alimwambia mnunuzi mmoja kwamba bei yake ni "low" na anataka ya "high", na yule bwana akashangaa hata akasahau kubishana.

Sasa kulikuwa na barua. Hiyo ilikuwa ya Kiswahili, na Mumo aliisoma mwenyewe, neno baada ya neno, kidole kikitangulia. Wendy amekataa kusahihisha swali la 11. Asirudi darasani mpaka aje na baba yake.

Barua hiyo ilimuuma. Mtoto huyu alikuwa amengojewa miaka mingi. Mwenzake Mumo wa ndoa ya kwanza alizikwa bila kuacha hata mtoto mmoja, na boma likabaki na sauti za mbuzi tu. Ndipo Mumo akapeleka mahari kwa kina Nthambi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kama desturi inavyotaka, akaoa. Watu walicheka wiki mbili wakachoka. Kanisani hawakuchoka. Walimtoa kwenye meza ya Bwana, na mpaka leo Mumo huketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Yote hayo aliyameza. Lakini Wendy akae nyumbani kwa sababu ya neno moja la Kiingereza? Hilo halikumezeka.

Akampigia simu Nthambi, mama ya Wendy, ambaye hufanya kazi kiwandani Mavoko na kurudi nyumbani Jumamosi.

"Mwalimu anataka baba," akamwambia.

Nthambi akauliza, "Utaenda?"

"Kwani kuna mwingine wa kwenda?"

"Huyo mwalimu ni mgeni huku. Usimkasirikie."

Kesho yake Mumo alipaka viatu rangi, akachukua fimbo yake ya kuchungia, akamshika Wendy mkono. Njiani akajaribu tena. Alibembeleza, akatisha, akaahidi soda.

"Ukijua utakasirika," Wendy akasema.

"Nimeshakasirika."

"Utakasirika zaidi. Darasa lote lilinicheka."

Basi Mumo akaacha kuuliza. Alikuwa na hasira na hakujua amkasirikie nani: mtoto, mwalimu, au wazazi wake mwenyewe waliomtoa shule akachunge mbuzi, wakamwacha leo hawezi kusoma mstari mmoja wa Kiingereza kwenye daftari la mtoto wake.

Mwalimu Rodgers, kijana aliyehamishiwa shule hiyo muhula huo kutoka kaunti ya mbali, alikuwa mtu wa adabu. Alivuta kiti, akakifuta vumbi, akangoja Mumo aketi kwanza. Wendy akasimama kando ya meza. Mwalimu akafungua daftari.

"Huyu mtoto ni mwerevu," akasema. "Maswali kumi ya kwanza amepata yote. Ndiyo maana nashindwa kuelewa. Ona hili la mwisho. Mimi nimeandika sentensi, yeye ajaze kinyume. 'My mother is a woman.' Yaani, mama yangu ni mwanamke. Halafu, 'My father is a', na hapo nimeacha nafasi. Anatakiwa aandike 'man', mwanamume. Ni rahisi kabisa."

"Na yeye anaandika nini?"

"'Woman'. Mwanamke. Mara tatu sasa. Wenzake wakimcheka analia, lakini hafuti. Ananiambia ndivyo ilivyo, na kwamba hawezi kuandika uongo."

Mumo akamgeukia Wendy. Mtoto alikuwa ameinamia viatu vyake. Hasira ya juma zima ikamtoka Mumo, na badala yake ikaja aibu, kwa vile alivyomtisha njiani.

Mwalimu akalifunga daftari taratibu. "Nakushukuru sana kwa kumleta, nyanya, na jua hili. Lakini kwenye barua niliandika aje baba yake."

Mumo akalivuta rinda lake likafunika magoti, akalifungua tena daftari, akalisukuma mbele ya mwalimu.

"Amekuja," akasema. "Mama ya Wendy nilimwoa mimi, kwa mila ya huku, mwanamke kwa mwanamke. Sasa weka tiki."