Mbuzi wa Darajani

"Iko wapi?" Rula aliuliza tena, kidole kikipita juu ya karatasi kama kinachotafuta chawa.

Mwandishi wa kitabu aliendelea kumumunya peremende yake.

Jina la Rula alilipata enzi alipokuwa mwalimu wa historia, kwa kuwa hakupindika. Sasa aliongoza jopo la kuidhinisha vitabu vya shule, na kitabu cha mwandishi huyu, mwanafunzi wake wa zamani, alikwisha kukikataa mara mbili. Sababu ilikuwa ile ile: kitabu kimejaa ukweli mtupu, hakikuzi fikra bunifu. Leo ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Safari hii mwandishi alikuja na swali jipya mwishoni mwa sura ya ujenzi wa daraja la zamani: *Aya moja katika sura hii ni ya kubuni. Itafute, kisha ueleze umeijuaje.*

"Swali tamu," alisema mkaguzi wa lugha, mjumbe mwenzake Rula. "Lakini jibu lake, mwanangu?"

"Nikilitaja, mama, utamu utakwisha."

"Utamu si hoja," Rula alikatiza. "Uongo hauingii darasani kwa saini yangu. Na wewe tangu lini ukajua kubuni? Ulikuwa unakariri hata makosa ya chapa."

"Kubuni siwezi mpaka leo, Mwalimu. Ulinifundisha vizuri."

Mkaguzi akameza kicheko.

Rula alirudi kwenye sura. Aya ya mawe: kweli. Ya mafuriko: kweli. Ya mishahara iliyochelewa: kweli, hayo hayajabadilika. Akafika kwenye uzinduzi. Mhandisi mkuu, kwa kuliogopa daraja lake mwenyewe, alitanguliza kundi la mbuzi, yeye akabaki ukingoni akiangalia.

Rula alipiga meza. "Mbuzi! Njia ya mwongo ni fupi. Nimekunasa."

"Umeijuaje, Mwalimu?"

"Mhandisi mzima ajifiche nyuma ya mbuzi? Hilo linahitaji kusomewa?"

Akaikata aya nzima kwa wino mwekundu. "Pengo halibaki wazi. Andika: *Mhandisi mkuu alivuka wa kwanza, kifua mbele, umati ukimshangilia.*"

Mwandishi aliandika neno kwa neno. "Na ushahidi wake?"

"Mimi. Nilikuwa nafundisha historia wewe hujaota meno."

"Sasa ukiiondoa aya ya kubuni," mkaguzi aliuliza, "swali libaki la nini?"

Rula alifikiri kidogo, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Libaki hivyo hivyo. Watoto watafute mpaka wachoke. Watajifunza kwamba kitabu nilichokipitisha mimi hakina uongo. Hiyo ndiyo fikra bunifu."

Akasaini. Akagonga muhuri, akaupulizia ukauke.

Mwandishi alikusanya karatasi zake, akazitia mkobani. Kisha akatoa picha ya kale iliyofifia pembeni na kuiweka mbele ya mwalimu wake. Daraja lilikuwa jipya, limejaa mbuzi. Kwa mbali, ukingoni, alisimama bwana mmoja mwenye kofia, ameshika ramani kifuani.

"Aya zote zilikuwa za kweli, Mwalimu," alisema akiwa mlangoni. "Swali ndilo lililokuwa halina jibu. Sasa linalo."