Kanga ya Dirishani

Muuguzi aliingia wodini amevaa barakoa, akampa nyingine mzee wa kitanda cha mwisho. "Vaa, babu. Majibu ya makohozi yametoka. Ni kifua kikuu. Tunakuhamisha."

Tekla, aliyempakata mwanawe aliyevunjika mguu, aligeuka akatazama dirisha.

Kila asubuhi muuguzi alisisitiza madirisha yaachwe wazi. Akitoka tu, Tekla aliyafunga, maana upepo wa Mlima Hanang hauna huruma. Pale penye kioo kilichovunjika aliziba kwa kanga yake, akaisokomeza kwa vidole hadi pembeni, pasibaki hata tundu. Wodi nzima walimshukuru.

Alimlaza mtoto, akainuka, akaivuta. Kanga ilitoka imelowa chapachapa kwa pumzi zao wote. Baridi ikaingia.

"Mama, utatuua na baridi," mgonjwa mmoja alilalamika.

"Mwacheni afungue," mzee alisema, uso ameuelekeza ukutani. "Mimi ndiye niliyemwomba azibe."

Tekla alibaki amesimama, maji ya kanga yakimdondokea miguuni.

"Mama, nasikia baridi," mtoto alisema, akainyooshea mkono kanga. "Nifunike."