Jagi la Kunawia

Siku mtoto anapopewa jina, huwekewa taa ndogo chini ya ngozi ya mkono. Taa huwaka mpaka atimize jambo aliloumbiwa, kisha huzimika. Hakuna anayeambiwa mapema ni jambo gani.

Ya Maganga ilizimika Jumapili mchana, akimnawisha mgeni aliyepita kuuliza njia. Mgeni alikula, akashukuru, akaenda zake. Hata jina hawakumuuliza.

"Ndiyo hilo tu?" Maganga alimuuliza mkewe. "Nimefunga, nimesali, nimebeba matofali ya kanisa kwa kichwa hiki. Kumbe Mungu alinileta duniani nishike jagi?"

"Labda yule mgeni ana jambo kubwa mbele yake," Nyamizi alisema.

"Na mimi nina nini mbele yangu?"

Majirani walikuja kumpa hongera, wakaondoka wakinong'ona. Tangu siku hiyo Maganga anashinda kwenye kiti, mkono wa shati ameuvuta hadi vidoleni. Anakula akipewa. Kuombea chakula ameacha.

Leo ugali ulipotengwa, binti yao Wande alinyoosha mikono juu ya beseni.

"Mama, ninawishe."

Nyamizi aliinua jagi. Taa yake ilikuwa inawaka vizuri tu. Akamwona mumewe ameinua uso, macho yameganda kwenye mkono wake ulioshika jagi.

"Mmwagie," Maganga alisema polepole. "Tuone."

Vidole vya mtoto vilikuwa vinasubiri. Nyamizi akalirudisha jagi chini.

"Nawa mwenyewe, mwanangu."