Beseni la Mshindi

Sengondo alitoka msituni wa kwanza, akipokewa kwa vigelegele. Njia ya mbio za kuzunguka ziwa haina daraja. Kila mkimbiaji huvuka kijito kwa miguu. Ndiyo maana, kwa desturi ya mji ule, mshindi wa mwaka jana humwosha mshindi mpya tope, naye mshindi mpya huyamwaga maji yale mbele ya watu.

Bi Nyamizi, mshindi wa mwaka jana, alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya beseni la maji.

"Pole na mbio, mwanangu. Lete mguu."

"Acha tu, mama, nitanawa mwenyewe."

"Lete mguu."

Akamvua kiatu. Soksi ilikuwa nyeupe, kavu. Sengondo alihisi uso wake unawaka. Alipokatisha kwenye kinjia cha wakata kuni alikumbuka kujifanya anahema, tope alilisahau.

Bi Nyamizi hakuinua macho. Alimwosha taratibu, kidole kwa kidole, akilikinga beseni kwa khanga yake watu wasione. Nyuma yao wakimbiaji wengine wakaanza kutokeza, tope hadi magotini.

"Haya," alinong'ona, akiondoa khanga. "Kumwaga ni kazi yako."

Sengondo akaliinua beseni. Chini ya maji, ua jekundu lililochorwa ndani ya beseni lilionekana lote.