Chungu cha Zaituni

Zaituni alipoacha upishi wa hotelini ili awe mfinyanzi, mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu, watu wa serikali walimtoa upishi kichwani, kama sheria inavyotaka: mtu mmoja, ujuzi mmoja. Alikubali. Alidhani watachukua wa hotelini tu, wamwachie ule aliofundishwa na mama yake.

Ijumaa alikibandika motoni chungu chake cha kwanza, chekundu, cha kujivunia, akamimina samaki na tui. Hakujua kwamba chungu kipya huchemshiwa uji mzito kwanza ndipo kipikiwe. Hilo lilikuwa la wapishi, nalo lilikwenda na mengine. Chungu kikapasuka, tui likazima moto.

Mumewe, Mhando, alitoka. Alirudi na hotpoti ya ugali na mchuzi wa samaki.

"Kula, Mama Rehema. Kapika yule binti wa hotelini, aliyepewa ujuzi wako."

Zaituni alichovya tonge, akaonja. Ukwaju ulizidi kidogo, vilevile kama wa marehemu mama yake. Hasira zikampanda.

"Wezi hawa," alisema. "Mimi niliwapa upishi wa hotelini. Mama yangu nani aliwapa?"

Mhando aliinamisha kichwa. "Binti mwenyewe kaniuliza. Anasema kila akishika mwiko anamsikia bibi mmoja akimgombeza, akimwita Zai. Anataka kujua ni nani."

Zaituni alisimama jikoni kwake, akashika mwiko, akatega sikio mpaka mchuzi ukapoa. Hakusikia kitu.