Siku ya Mzani

Muuguzi aliuacha mlango wazi makusudi. Wazazi walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi ya ukumbini, na sauti iliyopandishwa kidogo tu ingewafikia wote.

Tangu juzi alikuwa ameliona lile jina kwenye orodha ya wazazi wa chekechea, akalisubiri kama paka mbele ya tundu la panya. Sasa mwenye jina aliingia, amemshika mkono mwanawe wa miaka minne. Uso ulikuwa ule ule. Huyu ndiye aliyetunga wimbo wa "Pipa, vingirika", ukaimbwa na darasa zima kwa miaka mitatu. Pipa mwenyewe alikuwa amekonda, amevaa sare nyeupe, na mwenziwe hakumtambua. Mtenda husahau.

"Karibu, mama. Mvue viatu, apande."

Mtoto alipanda mzani akihema kana kwamba amepanda ghorofa. Mshale ukatulia kwenye kilo ishirini na sita.

Maneno aliyoyaandaa muuguzi yalikuwa yamekwisha kufika ulimini.

"Dada, niambie ukweli," mama akamwahi kwa sauti ya chini. "Akilala anakoroma kama mtu mzima. Mimi natoka kazini jioni. Kutwa yuko na bibi yake mbele ya televisheni, chupa ya soda haimtoki mkononi. Bibi anasema ndiyo afya hiyo. Mimi naogopa."

"Unaogopa nini hasa?"

"Majina. Watoto ni wakatili, dada. Sisi shuleni tulikuwa na mmoja tukimwita Pipa." Tabasamu likamponyoka. "Masikini, alikuwa akilia huku anatafuna."

Muuguzi aliinuka, akaufunga mlango taratibu, akaketi karibu na mama yule na kumshika mkono.

"Sikiliza, dada yangu. Hapo bibi ndiye mwenye busara. Mtoto amenawiri, na unene wa utotoni huyeyuka wenyewe. Usimnyime kitu, usije ukamtia unyonge bure. Majirani wakikutisha, waambie muuguzi amesema."

Machozi yakamlenga mama. "Mungu akubariki. Nilidhani utanigombeza mbele za watu."

"Aibu haijamponya mtu. Hilo nililijua mapema."

Akaandika "afya njema" kwenye kadi, akaigonga muhuri, akamsindikiza mama huyo hadi nje, akampungia mtoto mkono mpaka walipokata kona.

Aliyefuata alikuwa fundi cherehani na binti yake, naye wa miaka minne. Mshale ukasimama kwenye kilo ishirini na mbili.

Muuguzi alikunja uso.

"Keti, mama," akasema. "Uzito huu ni hatari kwa mtoto wa umri huu. Soda, mwisho leo."