Shahidi wa Ngiri

Wanaoisimulia hekaya hii ni wengi, ila anayeijua vizuri ni mimi peke yangu.

Ngiri aliishi shimoni na wanyama wenzake. Kila jioni aliingia kinyumenyume, kama ilivyo desturi ya ngiri, meno yakitazama nje. Siku moja akatunga sheria: asiyezaliwa humu ni mgeni, atoke, na neno la mgeni si ushahidi. Sungura akatolewa, Kicheche akatolewa. Ngiri mwenyewe hakuulizwa, maana ndiye aliyekuwa anauliza.

Wa mwisho alikuwa Kalunguyeye.

“Kaka Ngiri, kwetu kote kumeungua. Nitakwenda wapi?”

“Waulize waliokuzaa huko.”

“Basi nilale leo tu.”

“Toka, bibie. Sheria hailali.”

Akatoka.

Haukupita muda, Muhanga aliyelichimba shimo lile akarudi kutoka safari zake.

“Wewe nani?”

“Mwenyeji wa humu.”

“Nani anakujua?”

Ngiri akaita ndani ya shimo. Ikamrudia sauti yake mwenyewe. Muhanga akamtoa.

Ngiri akamtafuta Kalunguyeye, akamkuta kwenye majivu.

“Dada, unanijua?”

“Nakujua sana. Wewe ndiye uliyenifukuza shimoni.”

“Njoo basi umwambie Muhanga hivyo hivyo.”

“Ningekuja, kaka. Lakini mimi mgeni, na neno la mgeni si ushahidi.”

Jua likazama. Ngiri akarudi kinyumenyume ili alale, kama alivyozoea. Akarudi, akarudi, na nyuma yake hapakuwa na shimo.